Mapatano ya Mombasa na Waingereza, 1824–1826

Katika tarehe za pwani ya Afrika ya Mashariki kuna miaka miwili na nusu ambayo vitabu vya shule huipita kwa sentensi mbili au tatu. Ni tangu Februari 1824 hata Julai 1826, ilipopepea bendera ya Uingereza juu ya Ngome ya Yesu huko Mombasa. Waliozoea kusoma kwamba Waingereza waliishika nchi hiyo mwaka 1895 hushangaa kusikia kwamba walikwisha kuwapo pale miaka sabini kabla, na hushangaa zaidi kusikia kwamba hawakuja kwa mabavu. Waliitwa. Bendera yenyewe haikuletwa na manowari. Ilishonwa na wenyeji, ikatwekwa kabla ruhusa ya mwenye nayo haijapatikana. Mji mdogo uliotaka kubaki huru uliona kwamba njia ya kuulinda uhuru wake ni kujifunika nguo ya dola kubwa. Nini kilichowapeleka watu wenye akili kwenye shauri hilo, na kwa nini shauri lenyewe halikudumu, ndiyo maneno ya insha hii.

Wamazrui ni Waarabu wa Oman waliofika pwani hii pamoja na utawala wa Mayaarubi, wale waliowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mwezi wa Desemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliwekwa kuwa liwali wa Mombasa kwa amri ya imamu wa Kiyaarubi. Haukupita muda mrefu, utawala wa Mayaarubi ukavunjika huko Oman, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika mahali pao. Hapo likazuka swali lisilo na jibu jepesi katika sheria wala katika siasa: mjumbe wa mfalme aliyeanguka ni mjumbe wa nani? Muhammad bin Uthman alilijibu kwa kukataa kumtii mtawala mpya, akauawa kwa hila karibu na mwaka 1746. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka, akairudia ngome na kuitwaa. Tangu siku hiyo liwali wa Mombasa hakuwa tena liwali wa mtu. Jina la kazi lilibaki lile lile, lakini maana yake ilikuwa imegeuka.

Si haki kusema kwamba uhuru huo ulikuwa wa ukoo mmoja wa Kiarabu tu. Wamazrui walikuwa wachache, wala wasingekaa ngomeni mwaka mmoja kama Thenashara Taifa, yaani Waswahili wenyewe wa Mombasa, wasingekuwa radhi nao. Mataifa hayo yalikuwa makundi mawili: Tisa Taifa, ambao Wamvita ni miongoni mwao, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila kundi lilikuwa na wakuu wake, na liwali aliyeijua kazi yake hakukata shauri kubwa bila wao. Nyuma yao, bara, walikuwako Wamijikenda, ambao siku hizo waliitwa Wanyika; hao walileta nafaka, pembe na sandarusi, na wakati wa vita waliongeza idadi ya wapiganaji. Upande wa bahari ilikuwako Pemba. Mombasa ni kisiwa kidogo kisichoweza kujilisha. Mchele wake ulitoka Pemba, na aliyeshika Pemba alishika mlango wa ghala ya Mombasa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linalofungua karibu kila fundo katika habari inayofuata.

Ulikuwa mji wenye majivuno. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi siku hizo na kufariki karibu na mwaka 1840, yalihifadhiwa vifuani mwa watu hata W. E. Taylor akayakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Ayasomaye leo husikia ndani yake sauti ya mji usiokubali kuitwa mdogo, unaowajibu watu wa Lamu na wa Unguja neno kwa neno na kejeli kwa kejeli. Ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu hati za Waingereza humwonyesha mtu wa Mombasa kama mwombaji aliyesimama mlangoni, ilhali Muyaka amwonyesha akiwa nyumbani mwake.

Majivuno hayo yalikuwa na gharama. Karibu na mwaka 1812 Mombasa, ikishirikiana na Pate, ilipeleka jeshi kuishinda Lamu, na jeshi hilo likavunjwa vibaya ufukoni Shela. Watu wa Lamu walishinda, lakini ushindi haukuwaondolea hofu ya kisasi. Wakapeleka wajumbe Maskati kwa Seyyid Said bin Sultan, mjukuu wa yule Ahmad bin Said, wakamwomba awalinde. Seyyid Said hakukawia. Alileta liwali na askari, akapata mlango wa kuingilia pwani yote ya kaskazini. Msomaji na auangalie vizuri mfano huu, kwa maana Lamu iliifanyia Mombasa jambo lile lile ambalo Mombasa ilikuja kulifanya juu ya Maskati: mdogo aliyemwogopa jirani alimwita mkubwa wa mbali. Tofauti ni moja tu, kwamba mkubwa wa Lamu aliitaka Lamu.

Tangu hapo mambo ya Mombasa yalikwenda yakishuka. Abdallah bin Ahmad alipopata uliwali mwaka 1814, yasimuliwa kwamba badala ya hidaya ya heshima alimpelekea Seyyid Said baruti kidogo na risasi, ili ajue maneno yake ni yapi. Jibu la Maskati lilichelewa lakini lilikuja. Mwaka 1822 jeshi la Seyyid Said liliwaondolea Wamazrui nguvu zao huko Pate, na jeshi jingine lililotoka Unguja likaitwaa Pemba. Mbaruk bin Ahmad, ndugu wa liwali, alikwenda kuirudisha Pemba asiweze. Wala isidhaniwe kwamba Wapemba wote waliwalilia Wamazrui: wako waliokwisha kuchoka na utawala wao, na waliona heri bwana mpya kuliko yule waliyemzoea. Mwaka 1823 Abdallah akafariki, na uliwali ukamwangukia Suleiman bin Ali, mzee ambaye nguvu zake hazikulingana na taabu za wakati wake. Pate ilikuwa imepotea, Pemba imepotea, na merikebu za Maskati zilikuwa zikitazamiwa mlangoni.

Hapo ndipo Mombasa ilipoelekeza macho yake kwa Waingereza. Ilikwisha kuandika Bombay kuomba himaya, ikajibiwa kwamba haiwezekani. Mwezi wa Desemba 1823 ikaingia bandarini manowari iitwayo Barracouta, ya Kapiteni Vidal, iliyokuwa katika kazi ya kupima pwani. Wakuu wa mji wakamwomba awape bendera. Vidal alisema hana mamlaka hayo, akaenda zake. Watu wa Mombasa hawakulichukua jibu hilo kuwa la mwisho. Walishona bendera wao wenyewe.

Kwa nini Waingereza? Jibu la wepesi ni kwamba walikuwa na nguvu baharini kuliko taifa lolote, hasa baada ya kumshinda Napoleon na kuitwaa Mauritius mwaka 1810. Lakini jibu hilo halitoshi. Mombasa haikuwa na haja kubwa ya mizinga ya Waingereza. Ilihitaji kitambaa chao. Seyyid Said alikuwa rafiki yao. Baba yake alikwisha kutia mkono mapatano na Kampuni ya Bara Hindi mwaka 1798, ya kuwafungia Wafaransa mlango. Yeye mwenyewe alipigana bega kwa bega na majeshi ya Bombay katika Ghuba ya Uajemi na katika Oman. Na mwezi wa Septemba 1822, kwa kuwaridhisha hao hao, alikubali katika mapatano na Kapiteni Moresby kwamba raia zake wasiuze watumwa kwa mataifa ya Kikristo, ingawa alijua kwamba atapata hasara. Mtu kama huyo hawezi kuipiga mizinga ngome yenye bendera ya Uingereza juu yake. Wamazrui walikuwa wamelipima jambo hilo sawasawa. Ngao waliyoichagua ilikuwa ndiyo pekee ambayo adui yao hakuthubutu kuigusa.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro iliyomo ndani yake, wala haikuwa rahisi kuonekana kutoka Mombasa. Bendera ile ilikuwa na nguvu juu ya Seyyid Said kwa sababu ya urafiki wake na Waingereza. Na urafiki ule ule ndio ambao Waingereza hawangekubali kuupoteza kwa ajili ya Mombasa. Kilichoifanya ngao iwe imara ndicho kilichokuwa kinaivuta irudi kwa mwenyewe.

Tarehe 7 Februari 1824 iliingia Leven, manowari ya Kapiteni William FitzWilliam Owen, mkuu wa Vidal katika kazi ile ya kupima pwani. Merikebu za Maskati zilikuwa mbele ya mji, na bendera iliyoshonwa ilikuwa juu ya ngome. Owen hakuwa mtu wa kungoja amri. Alikuwa mcha Mungu mwenye tabia kali, homa ilikuwa imekwisha kuwaua wengi katika mabaharia wake, na biashara ya watumwa aliichukia kwa chuki isiyo na kiasi. Miezi miwili kabla alikuwa Maskati, na hakumficha Seyyid Said nia yake juu ya Mombasa. Kwake yeye, mji ulioomba himaya kwa hiari ulikuwa kama mlango uliofunguliwa na Mungu ili uovu ule upigwe mahali unapotoka. Vidal aliona ombi lililozidi cheo chake. Owen aliliona ombi lile lile kuwa wajibu.

Mapatano yalifanywa katika siku chache. Uingereza itawarudishia Wamazrui nchi walizokuwa nazo zamani. Utawala wa Mombasa utabaki kwa Wamazrui na kurithiwa katika ukoo wao. Mjumbe wa Uingereza atakaa na liwali. Mapato ya forodha yatagawanywa nusu kwa nusu. Waingereza wataruhusiwa kufanya biashara na watu wa bara. Na biashara ya watumwa itakomeshwa Mombasa. Yote haya Owen aliyakubali kwa sharti la kuthibitishwa na serikali ya mfalme wake.

Ukiyasoma masharti hayo kwa jicho la Mombasa, neno kubwa ni la kwanza: kurudishiwa nchi, maana yake kurudishiwa Pemba. Mengine yalikuwa bei ya neno hilo, na bei haikuwa ndogo, kwani nusu ya forodha ni nusu ya riziki ya serikali ya mji wa bandari. Ukiyasoma kwa jicho la Owen, neno kubwa ni la mwisho, na hilo la kwanza ni maelezo ya utangulizi. Na ukiyasoma kwa jicho la London, neno kubwa ni lile lililo nje ya orodha, yaani sharti la kuthibitishwa. Karatasi ilikuwa moja, nao kila mmoja alitia mkono mapatano yake mwenyewe. Hapana mtu aliyemdanganya mwenziwe kwa makusudi. Na pengine ingekuwa afadhali kama yupo aliyedanganya, kwa maana hila hugunduliwa upesi kuliko kutoelewana.

Jaribio la kwanza lilikuwa Pemba. Owen alimchukua Mbaruk bin Ahmad katika Leven wakaenda huko, akamtaka liwali wa Seyyid Said aikabidhi. Liwali huyo alikataa, na Owen, aliyekuwa na mizinga ya kutosha kuitia Pemba hofu, hakuwa na ruhusa ya kumpiga mtu wa rafiki wa mfalme wake. Manowari ikaendelea na safari yake hata Mauritius, na Mbaruk ndani yake, akitumaini kuyasema mbele ya wakubwa yale yasiyotendeka Pemba. Hivyo, kabla wino wa mapatano haujakauka vizuri, lile sharti la kwanza, ambalo kwa ajili yake Mombasa ilikubali mengine yote, lilikuwa limekwisha kuvunjika.

Na dola kubwa yenyewe ilikuwa nani pale Mombasa? Ilikuwa Luteni Reitz, kijana wa asili ya Kiholanzi kutoka Rasi ya Tumaini Jema, pamoja na mwanafunzi wa ubaharia aliyeitwa Phillips, askari mmoja wa majini na mabaharia watatu. Reitz alikuwa mwenye bidii. Alitaka kuijua nchi ambayo ameambiwa ailinde, akasafiri kusini mpaka Pangani, akashikwa na homa njiani, akafa mwishoni mwa Mei 1824 kabla hajamaliza miezi minne katika kazi yake. Jina lake limebaki katika ghuba iliyo magharibi ya kisiwa cha Mombasa, iitwayo Port Reitz. Phillips, mwenye cheo cha chini mno katika manowari, alishika utawala wa himaya ya Uingereza hata Agosti, alipokuja Luteni James Emery. Emery alikaa mpaka mwisho, na shajara aliyoiandika siku kwa siku ni katika vyanzo bora vya kuujua mji ule ulivyokuwa: ugomvi wa forodha, tetesi za merikebu za Maskati, wagonjwa, mahindi, mvua, wajumbe wa Wanyika.

Katika shajara hiyo na katika barua za wakati huo yaonekana jinsi mapatano yalivyozidi kuchacha. Wamazrui waliona nusu ya forodha ikienda kwa mjumbe ambaye hakuwarudishia Pemba wala shamba moja. Emery aliona watumwa wakiendelea kupitishwa kwa siri, naye hakuwa na watu wa kuwazuia. Liwali mzee hakuwa na nguvu juu ya jamaa zake, na mjumbe hakuwa na nguvu juu ya liwali. Kila upande uliamini kwamba umetimiza ahadi yake na kwamba mwingine amekaa bure.

Neno la watumwa lastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa wanaowatetea Wamazrui hulipita haraka, na wanaomsifu Owen hulikuza kupita kiasi. Mombasa ilidai uhuru, na uhuru ni jambo la haki. Lakini sehemu ya mali iliyouendesha uhuru huo ilikuwa watu walionunuliwa na kuuzwa. Waliokombolewa katika vyombo vilivyokamatwa na Waingereza walipewa mahali ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, walime na kukaa, na pwani hiyo yaitwa English Point hata leo. Idadi yao ilikuwa ndogo, na walinzi wao walikuwa mabaharia wenye homa. Hata hivyo, katika watu wote waliohusika na mapatano yale, hao ndio waliopata kitu walichoahidiwa, nao hawakuulizwa neno wakati wa kutia mkono. Mwanachuoni anayeandika juu ya uhuru wa mji huo ana deni la kuwataja, pamoja na wale Wapemba waliofurahi kuondokewa na Wamazrui. Haki ya mdogo mbele ya mkubwa haifuti haki ya aliye mdogo zaidi.

Wakati huo shauri lenyewe lilikuwa likikatwa mbali. Kule Mauritius Gavana Lowry Cole aliipenda kazi ya Owen. Huko Bombay Gavana Mountstuart Elphinstone aliichukia, kwa sababu Seyyid Said alikwisha kuleta malalamiko yake, na Bombay ilimhitaji Seyyid Said kwa usalama wa njia ya Ghuba. London ilizisikia sauti zote mbili, na hapakuwa na shaka ni ipi yenye uzito. Mombasa ilikuwa na bandari nzuri, jambo ambalo Owen hakuchoka kulisema, na alilirudia katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1833. Lakini Uingereza ya mwaka 1825 haikuwa na haja ya bandari hiyo. Ilikuwa na haja ya mtu wa Maskati.

Hapa yafaa kutazama taifa jingine lililofanya jambo kama hili katika miaka ile ile. Wayunani walioasi juu ya Waturuki tangu 1821 walikuwa wamezidiwa, na mwaka 1825 viongozi wao waliandika hati ya kujiweka chini ya himaya ya Uingereza. Nao walikataliwa. Lakini Uyunani ilikuwa mahali ambapo Uingereza, Urusi na Ufaransa zilichungana, kila moja ikiogopa kwamba nyingine itafaidi peke yake. Hofu hiyo iliwaleta pamoja, na tarehe 20 Oktoba 1827 manowari zao ziliziteketeza merikebu za Waturuki na Wamisri huko Navarino. Uhuru wa Uyunani ukakubaliwa mwaka 1830. Na mwaka 1832 mataifa hayo yakauchagulia mfalme, kijana wa Bavaria, pasipo kumngoja Myunani aseme amtakaye. Mombasa haikuwa na Urusi wala Ufaransa ya kushindania mkono wake mwaka 1824. Ilikuwa na mposaji mmoja, naye alikwisha kuoa kwa jirani.

Mwaka 1826 Suleiman bin Ali aliondolewa, na uliwali ukashikwa na Salim bin Ahmad, mtu mwenye moyo mgumu kuliko yule mzee. Mwezi wa Julai manowari Helicon ilileta habari kwamba himaya imekwisha. Bendera ikateremshwa, Emery akapanda chomboni. Hapakuwa na kilio. Kwa wakati huo Wamazrui walikuwa wamechoshwa na rafiki asiyepigana, anayekula nusu ya forodha, na anayeingia katika biashara yao. Na Emery alikuwa amechoshwa nao vile vile.

Kisha yakaja yaliyotazamiwa. Januari 1828 Seyyid Said mwenyewe alifika na merikebu zake, mojawapo ikiwa Liverpool yenye mizinga sabini na minne, akafanya mapatano na Salim: ngome iwe ya Seyyid, Salim awe liwali. Alipoondoka tu, watu wa Mombasa wakawazingira askari wake ngomeni kwa njaa hata wakatoka. Alirudi mara mbili akashindwa. Hili ni jambo la kustaajabisha, nalo halitajwi vya kutosha: bila bendera ya mtu, Mombasa iliishinda Maskati miaka yote hiyo, na ilipoanguka haikuangushwa na mizinga. Salim alifariki mwaka 1835, jamaa wakagombea urithi, Wakilindini wakavunja umoja na wenzao wakamwita Seyyid Said. Mwaka 1837 aliingia kwa urahisi. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho, pamoja na zaidi ya ishirini katika wakuu wa ukoo, walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na huko wakafa. Waliosalia walihama, wengine Takaungu, wengine Gazi.

Habari hizi zimeandikwa na pande zote mbili, na wala hazilingani. Owen na maofisa wake waliandika kama watu walionyang'anywa tunda walilolichuma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, aliandika tarehe ya ukoo wake akiyapima maneno ya wazee pamoja na vitabu vya wageni, na katika maandishi yake Waingereza ni watu waliopita tu. Uzito uko katika ugomvi wa ndani. Huenda mwandishi huyo wa ukoo aliona vizuri zaidi. Mgeni huona bendera kwa sababu ni yake. Mwenyeji huona nani aligombana na nani bendera ilipokuwa juu.

Seyyid Said alishinda, na kwa urafiki ule ule alioushindia, wanawe walilipa. Mwaka 1861 Waingereza ndio waliokata shauri la kuitenga Unguja na Maskati. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alilazimishwa, kwa tishio la kuzuiwa bandari yake, kukubali mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yake. Mwaka 1886 London na Berlin zikamgawia bara, zikimwachia ukanda wa maili kumi. Na mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Uingereza, safari hii himaya iliyothibitishwa.

Huko Gazi alikuwa amekua Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule liwali aliyefia Bandar Abbas. Maisha yake yote alikuwa akiasi na kusamehewa, kwanza juu ya Seyyid Barghash, na alijaribu pia kuukimbilia ulinzi wa Wajerumani, kama babu zake walivyoukimbilia ule wa Waingereza. Mwaka 1895 aliingia vitani na Waingereza kwa ajili ya urithi wa Takaungu, ambako Kampuni ilimpa uliwali mtu asiyemtaka yeye. Alipigana kwa miezi kadhaa, akavuka mpaka Aprili 1896, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann, na Wajerumani wakamweka Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, tarehe 27 Agosti mwaka ule ule, mizinga ya Waingereza ilimtoa Khalid bin Barghash katika jumba la Unguja, akakimbilia kwa konseli wa Kijerumani, naye akaletwa Dar es Salaam. Hivyo mjukuu wa Salim bin Ahmad na mjukuu wa Seyyid Said wakawa wageni wa dola moja katika mji mmoja. Mbaruk alifariki papo hapo Dar es Salaam mwaka 1910. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa visiwani mbali, kisha akaruhusiwa kurudi pwani, lakini si Unguja. Akafariki mwaka 1927, Mombasa.